Itikadi humfanya mtu mwongo, au mwongo hujifichia humo?

Mchokonozi: Wakuu, mimi nasema uongo hutangulia. Itikadi ni koti tu.

Kalamu Kavu: Koti? China 1958, viongozi wa komuni, yale mashamba makubwa ya pamoja, walitangaza mavuno makubwa kuliko yaliyokuwepo, wakiogopa kuitwa mrengo wa kulia, yaani wapinzani wa chama cha kikomunisti. Serikali ikadai fungu lake kwa hesabu ile ya karatasini. Fungu likatoka, ghala likabaki tupu, njaa ikaingia. Wa chini alijua anadanganya. Wa juu aliamini.

Binti Hoja: Marx aliliita hilo ufahamu potofu, yaani kupotoshwa na fikra zako bila kujua. Asiyesoma ndiye hunaswa.

Bwana Tarakimu: Asiyesoma? Pole, dada. Dan Kahan, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, 2013, aliwapa watu jedwali la mafuta ya upele. Waliopaka: 223 nafuu, 75 hali mbaya zaidi. Wasiopaka: 107 nafuu, 21 mbaya zaidi. Mvivu ataona 223 ashangilie. Gawanya sasa: waliopaka ni kama 75 kwa 100, wasiopaka karibu 84. Mafuta hayafai! Wengine wakapewa tarakimu zizo hizo zikihusu sheria ya bunduki, na hapo hata hodari wa hesabu waliteleza pale jibu lilipouma upande wao. Dawa yake: ziba vichwa vya safu, gawanya, andika jibu, ndipo ufunue.

Binti Hoja: Nani kakwambia sijui kugawanya?

Kalamu Kavu: Tena si Marx. Ni Engels, mwandani wake, katika barua kwa mwandishi Franz Mehring, 1893. Marx alishafariki miaka kumi nyuma.

Binti Hoja: Walikuwa kitu kimoja hao. Mnachambua mchele, chungu kinaungua.

Mzee Kobe: Mchele wenyewe ndio huo, binti yangu. Engels anasema mwenye itikadi hakijui kinachomsukuma. Angekijua, isingekuwa itikadi. Basi yule kiongozi wa komuni si mfano. Alijua. Ule ni woga.

Kalamu Kavu: Na woga uliletwa na nani, Mzee? Jina "mrengo wa kulia" lisingekuwa kosa, nani angeongeza gunia hata moja? Ghala lipimwe na mtu ambaye cheo chake hakitegemei jibu, uone kama uongo utadumu.

Mzee Kobe: Na huyo mpimaji anateuliwa na nani?

Mchokonozi: Wakuu, swali langu…

Binti Hoja: Ngoja kwanza. Tarakimu aniombe radhi.