Mjadala: Mwandishi ana haki ya kuugusa Uamuzi wa Busara wa Tabora?

Wadau, kijana mmoja hapa Tabora anaandika riwaya. Shujaa wake ni dereva wa bodaboda. Anajikinga mvua kwenye ghala kuukuu karibu na stesheni, na akitoka anajikuta Januari 1958, mkutano mkuu wa TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, umeanza. Anaamua kuwazuia wajumbe wasikubali kura tatu. Aliposimulia kijiweni, mzee mmoja aliyefundisha historia miaka mingi alikataa katakata: "Mwanangu, siku hiyo ndiyo iliyotuzaa. Usiichezee."

Mimi nasema aandike.

Kwa asiyekumbuka: katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, mkoloni alitaka kila mpiga kura achague watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Na kupiga kura kwenyewe kulikuwa kwa mwenye kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au kiwango fulani cha elimu, au wadhifa fulani. Mkulima wa tumbaku wa Urambo au mvuvi wa migebuka wa Ujiji angezitoa wapi pauni 150? Ndiyo maana wajumbe wengi walifika Tabora wakitaka kususia uchaguzi. Nyerere akasimama akawashawishi washiriki, na huo ndio tunaouita Uamuzi wa Busara. Zuberi Mtemvu hakuridhika, akatoka na kuanzisha chama chake, ANC (African National Congress ya Tanganyika).

Shuleni tulifundishwa kisa hiki kuanzia mwishoni. Tunajua TANU ilishinda uchaguzi wa 1958 na 1959, tunajua uhuru wa Desemba 9, 1961, basi waliotaka kususia tunawaona kama watu wasioona mbali. Si haki hata kidogo! Walikuwa wanakataa kupimwa kwa rangi na kwa mfuko, na siku ile hakuna aliyejua mambo yangeishaje. Msafiri wa riwaya anaweza kutuketisha kwenye mkutano ule jambo likiwa bado halijaamuliwa. Kitabu cha kiada hakijawahi kunifikisha hapo.

Mzee wetu ana hoja moja nzito: vijana hawana vitabu vya historia, kwa hiyo riwaya itageuka kuwa historia yenyewe. Naikubali. Basi kila kilichokuwepo kabla msafiri hajafungua mdomo kiwe kweli tupu: kanuni, pauni, majina. Uzushi uanze naye.

Ninapogombana na kijana ni mwishoni. Katika rasimu yake TANU inasusia, na uhuru unakuja mapema, safi, bila hasara. Hapo siamini. Stephen King, katika 11/22/63, alimrudisha mwalimu hadi mwaka huohuo wa 1958 ili aje kuzuia kuuawa kwa Rais Kennedy. Anafanikiwa, kisha anarudi na kuikuta dunia imeharibika kuliko alivyoiacha, na inambidi aitengue kazi yake kwa mkono wake. Sisemi kijana aige. Nasema alipe gharama. TANU ikisusia, viti vile vinakwenda kwa nani? UTP (United Tanganyika Party), chama kilichoanzishwa 1956 kwa baraka za Gavana Twining, kilikuwepo kikisubiri. Mtemvu angefanya nini basi? Angebaki TANU? Sura hizo ndizo ninazozitaka, hata zikiniumiza.

Wenzangu wa Tabora na Kigoma, hasa mliosimuliwa na wazee waliokuwepo: dereva wetu mngemkalisha upande gani wa mkutano, na akirudi stesheni, akute nini?