Mfumo wa ghalani unaganda ikifika saa nne asubuhi, naombeni ushauri

Karani_Msomi:
Wakuu, shikamooni wakubwa, rika langu mambo. Nipo Nachingwea. Nina mfumo wa korosho niliouandika mwenyewe kwa PHP na MySQL, chama cha msingi kimoja wanautumia kupokelea mazao. Karani anapima, anaingiza namba ya mkulima na kilo, anabonyeza hifadhi. Asubuhi mteremko. Ikifika saa nne foleni ikinoga, sekunde 40, mara dakika nzima, skrini nyeupe. Wazee wamekaa juu ya magunia wananitazama kama mchawi. Seva ya kukodi, ipo Ujerumani, RAM GB 4. Nihamie mashine ya GB 32? Kesho mwenyekiti ananiita.

Mzee wa Somanga:
Intaneti hiyo. Mwezi wa tano 2024 nyaya za baharini zilikatika nchi nzima ikalia. Na siku chache kabla Kimbunga Hidaya kilikuwa kimekata barabara yetu ya Lindi, mimi nipo kwenye basi na mbuzi wawili wa harusi. Mbuzi mmoja tulimla hapohapo. Mpaka leo shemeji hanisemeshi.

Kokoto:
Mzee, pole ya mbuzi. Mleta uzi, kwenda Ujerumani na kurudi hakufiki hata sekunde moja, wewe unasema 40. Ikiganda, ingia kwenye seva endesha `top`, uone prosesa ina kazi kiasi gani. Kisha kwenye php-fpm, ndiyo inayoendesha skripti zako za PHP, weka `request_slowlog_timeout` sekunde 5, logi itakutajia mstari ambao skripti imekwama. MySQL nayo `long_query_time`, muda ambao swali la hifadhidata likiuzidi linaandikwa kwenye logi, huanzia sekunde 10, ishushe iwe 1.

Karani_Msomi:
Nimefanya. Prosesa imelala, asilimia 97 haina kazi. Logi ya MySQL tupu, indeksi zipo. Ndiyo maana nikasema RAM. Na kwa kweli advansi ya laki nne nimeshampa jamaa wa Mtwara mjini, mashine ya mtumba lakini nzima, kwa hiyo tujadili kuhamia.

Bibi Ming'oko:
Mjukuu, umekuja kuomba ushauri au kuaga?

Kokoto:
Prosesa imelala, wewe unaongeza RAM. Skripti inasubiri kitu cha nje. Logi ya php-fpm imetaja nini?

Karani_Msomi:
`curl_exec`, amri ya PHP ya kuita mashine nyingine. Ni kijimstari cha meseji tu, mkulima anapata kilo zake kwenye simu. Hakina shida hicho.

Kokoto:
Meseji zinapitia wapi?

Karani_Msomi:
Kuna simu.

Kokoto:
Simu?

Karani_Msomi:
Ya Android, ipo dirishani ofisini, ina programu ya kutuma meseji. Seva inaiita, inatuma, inajibu. Vifurushi vya simu ni rahisi. Sioni kosa.

Bibi Ming'oko:
Na chama unakitoza bei ya kifurushi?

Karani_Msomi:
Ankara niliandika bei ya meseji za kampuni. Tofauti ni ujira wangu. Nani alinilipa nilipokesha naandika huu mfumo?

Bibi Ming'oko:
Kangomba ya meseji, ulanguzi uleule wa kumpunja mkulima. Zamani walikuja na bakuli, siku hizi wanakuja na laptopu.

Nangwanda Boi:
Chai! Korosho gani inapokelewa mwezi wa sita? Msimu unafunguliwa Oktoba. Mmekaa mnamshauri mtunzi wa hadithi.

Karani_Msomi:
Ni UFUTA. Mfumo wa korosho, tunapokea ufuta. Kwenye ukurasa bado panasomeka korosho, sijabadilisha.

Nangwanda Boi:
Chai ya tangawizi sasa.

Mzee wa Somanga:
Ufuta unapokelewa kweli kipindi hiki, hapo usimwonee. Mbuzi wa pili, nilisahau kusema, alikula kamba akatoroka.

Kokoto:
Chai au uji, tatizo lenyewe ni la kweli. Simu ya Android ikiona programu inarusha meseji nyingi kwa muda mfupi, inauliza kwenye skrini kama uiruhusu. Dirishani hakuna wa kubonyeza. Asubuhi watu wachache inapita, saa nne inagoma. Curl usipoipa taimauti, yaani kikomo cha kusubiri, inasubiri tu, na `max_execution_time`, kikomo cha muda wa skripti, haikuokoi, kwenye Linux haihesabu muda wa kungoja mtandao. Angalia na `pm.max_children`, idadi ya maombi php-fpm inayohudumia kwa pamoja, mara nyingi huja ikiwa 5. Watano wakiganda kwenye simu, wa sita haoni hata ukurasa wa kuingilia. Hifadhi kilo, jibu karani, meseji itupe kwenye jedwali la pembeni, kroni, kazi ya ratiba kwenye seva, iitume kila dakika.

Karani_Msomi:
Mwenyekiti anataka meseji iingie kabla mtu hajashuka mzanini, la sivyo wanasema wameibiwa kilo.

Kokoto:
Zima huo mstari dakika kumi, upime.

Karani_Msomi:
Sekunde moja na nusu. Ila wazee watano wamekuja kuuliza meseji yao iko wapi. Kuna anayetaka mashine ya GB 32? Advansi imeshatoka, anamalizia nusu tu.

Nangwanda Boi:
Hadithi bado siiamini. Mashine iko Mtwara sehemu gani?