Kuku 500 wa Mama

Kikundi: FAMILIA YA MWALIMU, KIBOSHO

JUMATANO

Neema 19:04
Tumsifu Yesu Kristo familia. Poleni na majukumu. Someni mpaka mwisho, msiishie katikati.
Mama anatimiza 60 mwezi ujao tarehe 14, anastaafu. Kiinua mgongo kikitoka bila mpango kitayeyuka. Nimeongea na fundi wa Rau: banda la kuku 500 wa mayai nyuma ya jiko, mabanzi na bati. Jumamosi saa nne wote nyumbani tulimalize. Jibuni WOTE.

Neema 19:31
Naona tiki za bluu sita.

Neema 19:50
Kaka Aloyce?

Aloyce 20:12
Niko foleni Ubungo. Nitasoma nikifika.

Deo 20:14
Nyuma ya jiko si ndipo alipo ng'ombe? Watalala vitanda vya juu na chini?

Frida 20:15
😂😂😂

Neema 20:16
Deo, kwenye hela ya mzazi wewe ungekaa kimya kwanza.

Glory 20:18
Shikamooni. Shangazi Neema, kuna mtu anampigia bibi simu tangu jana. Anasema anatoka mfuko wa pensheni, anajua majina yake yote matatu na tarehe ya kustaafu. Anataka atumiwe laki na nusu ili faili liharakishwe

Deo 20:19
Glory umerudi hewani! Simu si ilitumbukia kwenye mbege?

Frida 20:19
Imeshalevuka 😂

Glory 20:20
Ilikuwa ndoo ya maji baba mdogo. Lakini huyo mtu anapiga kila

Neema 20:21
Tusitoke kwenye mada jamani. Kuku.

Frida 20:33
Dada, mimi nilifuga 200 hapa Dodoma. Kuku anayetaga anakula kama gramu 120 kwa siku. Hao 500 ni kilo 60, mfuko wa kilo 50 haufiki jioni. Na hatagi mpaka wiki ya 18 au 20. Miezi minne na zaidi unalisha tu. Nani atapandisha mifuko kutoka barabarani, Mama na goti lile?

Neema 20:35
Wakishika kutaga ni mayai 400 kwa siku. Trei 13! Mbona huoni upande huo?

Frida 20:36
Nimeuona. Kideri kilipita mimi nikiwa nimeruka chanjo moja. Kwa wiki moja wakabaki 11.

Neema 20:38
Hukuniambia.

Frida 20:41
Niliona aibu dada.

Deo 20:52
Mimi nasema bajaji moja, ipige hospitali ya KCMC na stendi. Hela ya kila siku, hakuna chanjo.

Neema 20:53
Chombo cha moto TENA? Baada ya ile Hiace?

Deo 20:53
Usianze.

Neema 20:54
Baba amekufa na risiti ya ile injini chini ya mto.

Deo 20:54
Ujumbe huu umefutwa

Deo 20:58
Miaka 11. Kila Krismasi, kila kipaimara, Hiace. Mkataba na yule dereva nilisaini mimi? Sema humu watu wasome, nani alisaini.

Aloyce 22:40
Nimefika, nimesoma. Jamani usiku huu.
Kwanza tuelewe hesabu. Kwa kikokotoo cha sasa cha mafao ya wastaafu, mkupuo wa Mama ni asilimia 40, walipandisha kutoka 33 mwaka 2024. Inayobaki atapewa kama pensheni ya kila mwezi. Kwa hiyo hela ya mara moja si kubwa kama mnavyodhani. Mimi naona iende kwenye uwekezaji wa pamoja wa UTT, Mfuko wa Ukwasi. Akiwa na shida anaomba, siku chache anayo mkononi.

Neema 22:42
Kaka, karatasi hazitagi.

Aloyce 22:43
Wala hazifi kwa kideri.

ALHAMISI

Shangazi Matilda 05:38
Milele amina. Nimesoma yote.
Mama yenu alianza zamu za usiku Aloyce akiwa wa kubebwa mgongoni. Miaka 38. Mmeshapanga nyuma ya jiko lake, mmelijadili goti lake, hela haijatoka mmeigawa. Na yeye yumo humu humu. Nani amemwuliza?
Hela ya kaka yangu niliiona ikiisha nikanyamaza, nikasema mimi nimeolewa, si nyumba yangu. Hii sinyamazi. Na marehemu asitajwe tena humu kwa habari ya gari.

Aloyce 06:50
Shikamoo shangazi. Tumesikia.

Frida 06:52
Shikamoo shangazi 🙏

Neema 07:26
Shikamoo shangazi. Naomba nisamehewe. Deo nawe nisamehe.
Baba alistaafu akakaa kwenye kile kiti cha barazani. Miaka miwili tukamzika. Mimi kile kiti nakiogopa.

Mama 13:47
Wanangu, nilikuwa kazini simu iko kwenye chaji. Asanteni kwa kuniwazia. Shangazi yenu nimeshampigia.
Kuku siwawezi. Sista wa zahanati ya parokia ameniomba siku tatu kwa wiki, kliniki ya mama na mtoto, asubuhi mpaka saa saba. Nimekubali. Leseni yangu ya Baraza la Uuguzi na Ukunga bado iko hai. Hela ni kidogo, lakini sitaki niamke Jumatatu nikose pa kwenda.
Siku nyingine nina ng'ombe na migomba. Kahawa ya baba yenu imezeeka. Nataka ning'oe nusu, nipande ile miche ya Lyamungo inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Ni kama miaka mitatu mpaka nichume, najua. Ninachohitaji ni mtu wa kuchimba mashimo.

Deo 13:49
Mashimo nachimba mimi Mama.

Neema 13:51
Sista atakulipa ngapi?

Neema 13:58
Basi kuku 100. Mama? Hata 50.

Mama 14:05
Neema mwanangu.

Neema 14:06
Fundi nimeshamtangulizia laki mbili.

Frida 14:07
Dada!!!

Glory 16:20
Bibi, yule mtu wa simu ulimtumia?

Mama 16:41
Pesa sikutuma. Aliniuliza namba ya NIDA na ya akaunti ili ahakiki, hizo nilimsomea. Ana adabu sana, ananiita mama.

Aloyce 16:42
Mama USIPOKEE TENA. Mstaafu halipi hata senti ili alipwe chake. Ni tapeli huyo.

Aloyce 16:43
Glory alisema jana saa mbili usiku. Sote tulikuwepo.

Deo 16:45
Naondoka Arusha leo leo. Mama, kesho saa mbili asubuhi tunashuka wote benki, tukitoka hapo ofisi ya mfuko. Njoo na hiyo simu, usifute namba yake.

Mama 16:50
Kesho nina zamu.

Deo 16:50
Tutaomba ruhusa.

Neema 17:15
Jumamosi saa nne iko palepale?

Neema 17:40
Frida? Kaka?

Neema 18:02
Deo, mkishuka mjini mpitieni fundi Rau. Mwambie asubiri kwanza. Asubiri, sijasema aache.