Tupeane uzoefu: siku uliyojua majira si yale tena

Mmarangu wa Mjini
Leo mwanangu kachora Mlima Kilimanjaro, kaupaka kahawia chini mpaka juu. Namwambia theluji umeisahau, ananiuliza, "Baba, iko wapi?" Nimetoka nje kuangalia Kibo, kimebaki kama kipande cha sabuni kinachoishia. Nimerudi ndani kimya. Wenzangu, ninyi mlishtuka lini?

Bi Kamba
Mie wa Jambiani, Unguja, nalima mwani. Zamani tulikuwa na ule mnene, ndio wenye pesa. Maji ya kaskazi yakaanza kuwa moto mpaka ukiingia unaona kama umeoga chooni kwako. Mwani ukageuka mweupe, ukiushika unakatika. Wakaja wataalamu: pelekeni kina kirefu, huko kuna ubaridi. Kwa miguu ipi? Nusu yetu hatujui kuogelea. Tukarudi kwenye mwembamba, bei yake ya kukutukana tu.

Tumbatu1
Kweli kabisa bibi.

Kichwa Ngumu
Theluji ya Kibo imeanza kupungua Mjerumani yuko hapa. Zaidi ya asilimia 80 ya ile ya 1912 imekwenda. Wachaga walikuwa na magari? Ni kufyeka msitu, hewa imekauka, basi.

Mstaafu wa Jiografia
Kijana, ukavu upo na msitu umefyekwa, nakubali. Lakini makaa ya mawe Ulaya walishaanza kuchoma kabla ya babu yako hajazaliwa. Kaboni dayoksaidi, gesi itokayo kwenye huo moshi, ilikuwa sehemu 280 katika kila milioni ya hewa, leo imepita 420. Ni kama daladala iliyoegeshwa juani vioo vimefungwa: joto linaingia, kutoka ni shida.

Kichwa Ngumu
Na mkaa wetu je? Au ule hautoi moshi?

Mstaafu wa Jiografia
Unatoa. Ila bara zima la Afrika mchango wetu haufiki asilimia 5 ya gesi hiyo inayotolewa duniani. Acha kumlaumu mama lishe.

Mwana wa Mto
Nilikuwa napita tu, mmenikumbusha. Ramadhani ya 2024, kumi la mwisho, niko shambani Rufiji nalinda mahindi nguruwe wasiyamalize. Nalala juu ya dungu. Wakati wa daku nashuka ngazi, mguu ukaingia majini. Sikuelewa, nikashusha na wa pili. Nawasha tochi, ngazi nzima imemezwa, sufuria yangu ya daku inaelea, inaondoka zake kuelekea baharini. Dungu nililijenga kwa papara, nguzo moja ikaanza kulia. La karibu ni la shemeji yangu, na tulikuwa hatusemeshani mwaka wa tatu kwa ajili ya mpaka wa shamba. Nikaogelea. Akanimulika usoni muda mrefu, nikajua huyu ananirudisha. Halafu akavuta mkeka upande wake. Siku mbili tumekaa pale, watu wawili na kuku mmoja, tunaopoa mahindi mabichi tunatafuna. Kitu kizito kinapita chini, tunakisikia hatukioni. Neno pekee lililotamkwa ni "sogea". Mtumbwi ulipofika, kijijini nyumba zimekwenda, watu wamelala shuleni.

Tumbatu1
Subhanallah.

Dada wa Mbagala
Kuku mlimla?

Kichwa Ngumu
Hiyo ni El Nino, ipo tangu 1997. Na Rufiji inafurika toka enzi na enzi, ndiyo maana mna madungu!

Mstaafu wa Jiografia
Ipo tangu kabla ya 1997. Ila hewa ikiongezeka joto nyuzi moja inabeba mvuke zaidi kwa karibu asilimia 7. Wingu lile lile, mzigo mwingine.

Mkulima Kiti Moto
Ushauri: hameni bondeni, pandeni muhogo juu.

Mrufiji Halisi
Usihame. Maji yakishuka unapanda mlau, yaani kilimo cha kwenye tope la mafuriko, hakuna mahindi matamu kama yale. Nunua mtumbwi, ufunge kwenye dungu.

Dada wa Mbagala
Na mimi nilikaa bila maji ya bomba Oktoba 2022, mto Ruvu umepungua maji. Ninunue mtumbwi au ndoo?

Mmarangu wa Mjini
Mwana wa Mto, na shemeji mlipatana?

Mwana wa Mto
Tulipatana, maji yaliufuta mpaka wenyewe. Sasa yamekauka, juzi kaja na kamba anapima upya. Kuku hatukumla, ni wake, nilimwogopa.