Kanda ya Barabara ya 13

Kikundi: Ukoo wa Barabara ya 13, Ngamiani, Tanga

[2:07 usiku] Athumani:
Assalaam alaykum ndugu zangu, na shikamoo Mama Mkubwa. Leo jioni Rehema ameniazima spika yake, nami nikaisikiliza albamu ya "Bad" ya Michael Jackson kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho bila kuruka hata mmoja, jambo ambalo sijalifanya tangu kanda yetu ilipopotea pale nyumbani. Nilidhani naijua albamu ile kama niijuavyo njia ya kutoka kwetu hadi sokoni, kumbe niijuayo ni kanda. Wimbo wa tano ulipokwisha, ule alioimba na Stevie Wonder, nilitulia nikisubiri muziki wa Black Star, kundi la taarabu, na sauti ya Bi Shakila, kwa sababu kichwani mwangu ndivyo "Bad" inavyoendelea. Ukaingia wimbo mwingine wa Michael, na nikajikuta nimeudhika kama mtu aliyekatizwa akiwa katikati ya maneno.

[2:15 usiku] Zuhura:
Waalaykum salaam Kaka Athumani, na shikamoo Mama Mkubwa. Niko zamu ya usiku hapa Muscat, lakini nimepata nafasi ya chai na siwezi kuiacha habari hii ipite. Kwa faida ya watoto waliozaliwa na kukuta muziki umo ndani ya simu, naomba nieleze kwamba mwanzoni mwa 1988, mimi nikiwa na miaka 13 na kaka yenu 15, sisi hatukuinunua albamu hiyo bali tuliirekodisha. Ulikwenda dukani na kanda tupu ya dakika 60, ukamwachia fundi pamoja na fedha zake, ukarudi keshokutwa. Kwenye santuri albamu ilikuwa na nyimbo 10 zenye urefu wa dakika 43 hivi, tano kila upande, kwa hiyo kila upande wa kanda ulibakiwa na dakika kama nane, na fundi yule hakuwa mtu wa kumrudishia mteja ukimya. Upande A akatuwekea taarabu ya Bi Shakila. Upande B akajirekodi mwenyewe akiwasalimu wateja wake wote wa Ngamiani na kuwakumbusha wanaodaiwa. Nusu ya fedha za kanda ilikuwa yangu, na ninaliandika hilo hapa kwa sababu Kaka Athumani amekuwa akisema "kanda yangu" tangu wakati huo hadi leo.

[2:18 usiku] Athumani:
Nakubali kuhusu nusu, Zuhura, ingawa betri zilikuwa zangu zote.

[2:19 usiku] Zuhura:
Betri ambazo mimi ndiye niliyezianika juani juu ya bati la jiko ili zipate nguvu ya siku moja zaidi.

[2:26 usiku] Salimu:
Shikamoo Mama Mkubwa, shikamooni wakubwa zangu. Mimi huku Mombasa nina swali moja tu, nalo ni kwa nini mnaisifu "Bad" wakati kila mtu anajua kwamba "Thriller" ya 1982 ndiyo albamu. Hii ya pili ilitoka tarehe 31 Agosti 1987, miaka karibu mitano baadaye, na mtu aliyekwisha kuuza kiasi kile cha sahani hana njia ya kujishinda mwenyewe.

[2:39 usiku] Athumani:
Marahaba, Salimu. Ulikuwa na miaka tisa wakati ule na ulikuwa unafukuzwa chumbani tukitaka kusikiliza, kwa hiyo maoni yako yanapokelewa kwa kiasi chake. Lakini nitakujibu kwa haki. Zote mbili zilitayarishwa na Quincy Jones, kama ilivyokuwa "Off the Wall" ya 1979, na hii ya 1987 ndiyo ya mwisho kwao kufanya pamoja. Katika "Bad" Michael aliandika mwenyewe nyimbo nyingi kuliko alivyofanya kwenye zile mbili za kwanza, na nyimbo tano za albamu hiyo zilifika namba moja katika chati ya Billboard ya Marekani, jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa albamu yoyote kabla yake. Hata hivyo leo nimesikia mambo ambayo sikuyasikia nikiwa kijana. Zile ngoma za mashine, ambazo tuliona ndio usasa wenyewe, zimezeeka kuliko taarabu ya Bi Shakila. Wimbo wa Stevie Wonder, ambao tuliuheshimu kwa sababu ya majina mawili makubwa, ni mwepesi mno, na wala hakuna hata mmoja kati yao aliyeuandika. Kwa upande mwingine "The Way You Make Me Feel" bado unatembea vilevile, kwa mwendo wa mtu anayeshuka Raskazone kwa baiskeli isiyo na breki.

[2:44 usiku] Rehema:
Shikamoo Bibi, na shikamooni nyote. Nilikuwa ukumbini na Baba alipokuwa akisikiliza, na wimbo wa nne ulipoanza aliinua mkono akitaka nyumba nzima inyamaze, kisha nikamsikia mwanamke anazungumza Kiswahili. Nilidhani nimesikia vibaya. Naomba kuuliza iwapo ni Kiswahili kweli, na kama ni kweli, kimefikaje huko.

[2:53 usiku] Zuhura:
Marahaba mwanangu, nilikuwa nangoja mtu aulize. Ni Kiswahili kweli, na huo wimbo, "Liberian Girl", ndio uliotufanya tuichakaze kanda. Siku ya kwanza tuliposikiliza, baba yako aliusimamisha, akairudisha kanda nyuma, akausimamisha tena, na hatukuambiana neno. Ni lazima uelewe hali yetu ilivyokuwa. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994, picha zake tuliziona kwenye video nyumbani kwa watu kwa kulipa kiingilio, na muziki wa ng'ambo ulitufikia kwa vipande vipande, tukiimba maneno tusiyoyajua. Halafu ghafla, katikati ya Kiingereza ambacho tulikuwa tunakibahatisha, mwanamke mwenye sauti nzito na tulivu anasema nakupenda pia, nakutaka pia. Ilikuwa kama kukaa katika mkutano wa wageni ukasikia jina lako linatajwa. Tulitoka na redio kaseti mkononi tukaenda moja kwa moja kwa Mama Mkubwa ili athibitishe.

[3:10 usiku] Mama Mkubwa:
Marahabani nyote. Nawapongeza kwanza kwa kuandika sentensi kamili kama tulivyokubaliana katika kikundi hiki. Siku hiyo naikumbuka vizuri, kwani nilikuwa barazani nasahihisha madaftari ya darasa la sita, na mlikuja mkihema kana kwamba kuna msiba. Nilisikiliza mara tatu. Niliwaambia ni Kiswahili, nanyi mkaondoka mkiruka kabla sijamaliza, kwa hiyo nitamaliza leo. Niliwahi baadaye kuyaona maneno yale yalivyochapwa, nayo yaliandikwa "naku penda piya, naku taka piya, mpenziwe". Kutenganisha "naku" na kitenzi chake ni kosa ambalo ningemkata mwanafunzi alama, ila tulisamehe. Tatizo ni hilo neno la mwisho. Katika Kiswahili "mpenziwe" ni mpenzi wake, kama tunavyosema mumewe, nduguye na mwanawe. Kwa maana hiyo mwanamke yule ama anamwambia mpenzi wa mtu mwingine kwamba anamtaka, jambo ambalo hapa Ngamiani lingeleta maneno, ama alikusudia kusema "mpenzi wee" na mwandishi akayabana maneno mawili yakawa moja. Mimi nashika hilo la pili. Aidha, mwanamke wa pwani hamwambii mtu "nakutaka" waziwazi namna ile. Angelivaa kwenye kanga akampitia mbele.

[3:12 usiku] Salimu:
Mama Mkubwa, miaka yote hii ulikuwa na sahihisho hilo moyoni?

[3:13 usiku] Mama Mkubwa:
Hakuna aliyeniuliza.

[3:21 usiku] Rehema:
Bibi, nimecheka hadi Baba amekuja kuuliza kuna nini. Lakini sasa nimechanganyikiwa zaidi, kwa sababu Liberia iko Afrika Magharibi, na nilivyosoma ni kwamba lugha rasmi yao ni Kiingereza, pamoja na lugha kama Kikpelle, Kibassa na Kivai. Ni kama mtu atunge wimbo wa kumsifu msichana wa Tanga halafu aanze kwa Kikpelle.

[3:34 usiku] Athumani:
Hapo umegusa penyewe, Rehema, na kinachofurahisha zaidi ni kwamba hata msemaji mwenyewe si mtu wa lugha hii. Sauti ile ni ya Letta Mbulu, mwimbaji wa Afrika Kusini aliyehamia Marekani katika miaka ya 1960, na aliyekuwa amefanya kazi na Quincy Jones katika muziki wa tamthilia ya "Roots" ya 1977. Mumewe, na hapa Mama Mkubwa ataona nimelitumia neno sawasawa, ni mwanamuziki Caiphus Semenya. Kwa hiyo tunaye mwanamke wa Afrika Kusini, akisema Kiswahili cha pwani ya mashariki, kwa ajili ya msichana wa magharibi, katika albamu iliyorekodiwa Los Angeles. Nikiwa na miaka 15 sikuyajua hayo na nisingeyajali. Niliamini kwamba kwa njia fulani Michael alikuwa na habari zetu. Alipofika Dar es Salaam Februari 1992, wakati wa Mzee Mwinyi, nilikuwa kijana wa miaka 19 niliyeajiriwa Kariakoo karibuni, na nilitoka kazini bila ruhusa nikitumaini kwamba safari hii atayasema mwenyewe maneno yale. Sikumwona. Niliona visogo vya watu tu.

[3:42 usiku] Mama Mkubwa:
Msimcheke sana Michael kuhusu Liberia. Weusi wa Marekani wa miaka ile walikuwa wamekichagua Kiswahili kuwa lugha ya Afrika nzima, kwa kuwa wengi wao walinyang'anywa njia ya kujua babu zao walizungumza lugha gani. Sikukuu yao ya Kwanzaa, iliyoanzishwa 1966, ina misingi saba, na yote ina majina ya Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, kuumba, nia, imani. Wengi wa babu hao walitoka upande wa magharibi na hawakuwahi kulisikia hata neno moja kati ya hayo. Basi Kiswahili cha wimbo ule kilitoka huko, si kwenye ramani.

[3:58 usiku] Zuhura:
Nimetoka kumpima mgonjwa presha nikirudia "mpenzi wee" moyoni. Naomba niongeze la "Smooth Criminal" kabla chai haijapoa. Sisi Barabara ya 13 tuliliimba kiitikio chake "Enyi, waya uko wapi", na Salimu alikuwa anaitikia "Waya uko kwa fundi". Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha uuguzi, tuliletewa mdoli wa mazoezi ya kumwokoa mtu ambaye moyo wake umesimama, ule unaotengenezwa na kampuni ya Laerdal ya Norway tangu 1960. Mdoli huyo anaitwa Anne. Mwalimu akatuonyesha kwamba kabla ya kumkandamiza kifua unamtikisa mabegani na kumwuliza kwa Kiingereza kama yu salama, na alipotamka sentensi hiyo, "Annie, are you OK?", nilipiga ukelele darasani, kwa sababu ilikuwa ni neno kwa neno kile ambacho Michael alikuwa akikirudia na sisi tukidhani anatafuta waya. Niliamriwa kutoka nje. Tangu hapo, kila ninapofanya mazoezi hayo kazini, huufuata mwendo wa wimbo ule hadi pale unapokatika.

[4:01 usiku] Athumani:
Unapokatika wapi, Zuhura?

[4:02 usiku] Zuhura:
Pale katikati, baada ya kiitikio cha pili, unapokatika.

[4:11 usiku] Athumani:
Hilo ndilo lililonifanya niandike usiku huu. Haukatiki. Nimeusikia leo hadi mwisho, unaendelea kwa zaidi ya dakika moja, na baada yake upo wimbo wa 11, "Leave Me Alone", ambao mwanzoni uliwekwa kwenye diski ya CD peke yake, kwa hiyo wala haukuwamo kwenye santuri aliyorekodia fundi. Huo wa 11 naweza kuuelewa. Nisichoelewa ni kwa nini wewe na mimi, tulio nchi mbili mbalimbali, tunakumbuka "Smooth Criminal" ikikatika mahali pamoja. Na wakati wa mwanzo fundi alikuwa akiwasalimu wateja baada ya wimbo huo kwisha, kwa hiyo ulikuwa mzima. Tena nakumbuka kwa mikono yangu nilivivunja vile vibamba viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda ili mtu asiweze kurekodi juu yake.

[4:26 usiku] Rehema:
Baba Mdogo Salimu anaandika, halafu anaacha, halafu anaandika tena.

[4:33 usiku] Salimu:
Naomba radhi mbele ya Mama Mkubwa ili nisipigwe. Mwaka huo wa 1988 Coastal Union ilikuwa inaelekea kuchukua ubingwa wa soka wa Tanzania, na ikachukua, na mimi nilitaka kuihifadhi sauti ya mtangazaji wa redio. Nyumbani hapakuwa na kanda nyingine. Vile vibamba ulivivunja kweli, Kaka Athumani, lakini matundu yake yakizibwa kwa karatasi iliyotafunwa mashine haijui tofauti. Nilikusudia kuifuta salamu ya fundi peke yake, na naapa nilidhani kanda imefika hapo. Nilipoisikiliza nikakuta nimemkata Michael katikati, ndipo nikawaambia kwamba mashine imeitafuna, na baada ya wiki moja nikaona ni salama zaidi kanda yenyewe ipotee.

[4:35 usiku] Zuhura:
Miaka yote ya kazi yangu, Salimu, nawakandamiza watu vifua kwa mwendo ulioukata wewe.

[4:36 usiku] Athumani:
Tena Coastal. Kama ingekuwa African Sports ningesamehe. Ilipotea wapi?

[4:41 usiku] Salimu:
Haikupotea. Nilihama nayo. Ninayo hapa Mombasa ndani ya kopo la biskuti, pamoja na Bi Shakila, dakika sita za Wagosi wa Kaya, yaani Coastal, na mwishoni kabisa fundi bado anasikika akimtaka mtu mmoja wa Barabara ya 15 alete fedha zake. Nikipata nafasi nitampa dereva wa basi la Tanga ailete.

[4:43 usiku] Mama Mkubwa:
Usimpe dereva. Njoo nayo mwenyewe. Redio kaseti ninayo, na mkanda wake wa kuzungushia umelegea, kwa hiyo upitie kwanza kwa fundi.