Nani alimwambia huyu bwana robota la sileji hudungwa kulabu?

Mfugaji_Mwakirunge:
Nimetoka zizini sasa hivi, mikono yanuka mahindi yaliyochacha, na naandika kabla sijapoa maana nikipoa nitamsamehe, na hastahili. Simtaji. Mnamjua. Yule mchukuzi wa malori mawili ya kenta na simu tatu, ukimpigia yuko "hapa Lights nakaribia" na nyuma yake wawasikia makondakta wa Mariakani wakiita abiria. Nusu ya wenye ng'ombe kutoka Kiembeni hadi Mtwapa washapitia mikononi mwake, na nusu iliyobaki Mungu awaepushe.

Kulabu! Jamani, kulabu! Ile ya chuma ya kubebea magunia gatini. Robota la sileji, yaani mahindi yaliyokatwakatwa yakafungwa yachache ndani kwa kulisha ng'ombe, limetulia zake kwenye kenta, limefungwa matabaka sita ya plastiki, limetoka bara, limepita mizani ya Mariakani bila hata mkwaruzo, kijana wake akainua mkono juu akalidunga tumboni. Paa! Nikasikia plastiki ikichanika, na ile harufu ya uchachu ikanijia puani pale pale niliposimama. Nilipiga ukelele nadhani Lamu walisikia. Na yeye mwenyewe bwana mkubwa, hata macho hakuyainua kwenye simu, akanijibu: "Mzee tulia, kwani ng'ombe hula plastiki?"

Kwani ng'ombe hula plastiki! Mimi naambiwa hivyo, nimefuga tangu yeye hajui kufunga viatu!

Hiyo plastiki ndiyo sileji yenyewe, we mtu. Mle ndani hakuna hewa, ndiyo sababu bakteria wazuri hutengeneza asidi, pH, kile kipimo cha uchachu, ikashuka mpaka 4 hivi, na mahindi yakakaa hata mwaka bila kuoza. Toboa tundu la kidole tu, hewa ikaingia, hamira na ukungu vyaamka na robota laanza kupata joto kutoka ndani. Na jua letu hili! Ukichelewa kuziba, ukifungua wakuta ukungu umeshashika, wang'oa mapande mazima watupa. Kila robota ni kilo 400 na ushei. Nimelipia kila kilo, nimelipia usafiri, halafu nikamwage jaani kwa sababu ya mtu na kulabu yake.

Sijamaliza. Yaliyofuata waliyabingirisha kutoka kwenye kenta kwa ubao mmoja, yakaenda kuangukia kwenye visiki vya mahindi vilivyokatwa mshazari. Pahali nilikuwa nishawatengenezea: nimeokota mawe, nimemwaga mchanga, mbali na mwarobaini ili kunguru wasipate pa kutua. Hawakupatazama. Na kupanga wakayapanga yamelala kwa mbavu, ngazi tatu, kama mapipa ya mafuta. Robota la duara husimamishwa kwa uso wake bapa, huko ndiko plastiki ilikopishana ikawa nene. Ukililaza, la chini labonyea, plastiki yavutika, mwisho hewa yapata njia. Hayo nilimwambia mapema, kwa adabu, nikamwita "ndugu yangu". Akasema vijana wake ndio waliopanga saruji ya majumba yote ya Nyali.

Saruji! Na hata saruji nani huidunga kulabu?

Kisha akanyoosha mkono adai hela ya kupakua. Amesimama juu ya robota langu lililopasuka, kiatu chake ndani ya sileji yangu, adai hela. Kwani ng'ombe hula plastiki. Wallahi neno hilo nitaingia nalo kaburini.

BintiMtwapa:
Pole sana baba. Huyo huyo ndiye aliyenishushia nyasi za Boma Rhodes katikati ya mvua, nikamwambia funika turubai, akasema mvua ni baraka. Nililisha baraka hizo wiki moja, zilizobaki zikawa mbolea.

Jogoo_la_Likoni:
Hahaha, mzee walia uzi mzima kwa tundu moja. Si ulimfuata kwa bei? Lori lenye krini lilikuwepo, hukutaka kutoa pesa.

Mfugaji_Mwakirunge:
Bei gani? Alinitoza sawasawa na wenzake! Na si tundu moja. Na hata lingekuwa moja, ni KULABU.

Hamali_Mstaafu:
Kulabu imenisomeshea watoto, msiitukane hapa. Gunia la juti ukilidunga pembeni nyuzi zakupisha, ukichomoa zarudi pahali pake. Plastiki hairudi. Kijana alifanya alichofundishwa gatini, mwenye kosa ni aliyemtuma bila kumwambia amebeba nini. Na nina hakika hata glavu hakumpa. Malipo ya hamali siku hizi ni aibu tupu, hilo mbona hamlifungulii uzi?

Dawa_ya_Mifugo:
Kabla hamjaendelea, mzee, matundu umeyaziba? Futa vumbi, acha plastiki ikauke kabisa, kisha bandika utepe wa sileji. Usiweke selotepu, jua la pwani laibandua kabla ya adhuhuri. Lililochanika sana usilihifadhi, anza kulilisha leo liishe. Penye ukungu tupa, na palipo karibu na ukungu tupa pia. Wenye mimba usiwaonjeshe hata kidogo, hewa ikiingia humo huzaana bakteria wa listeria na ng'ombe hutupa mimba.

Mfugaji_Mwakirunge:
Nimeziba daktari, ahsante. Utepe wote nilionao umekwisha na bado. Lile la kulabu limepasuka urefu wa mkono wangu. Na alikuwa kwenye simu! Hakuinua hata macho!

Mtu_wa_Changamwe:
Hizo ngazi tatu zilizolala zishushe leo leo kabla mtoto hajapita pale. 2010 huko Devon, Uingereza, robota la nyasi lilibingirika kutoka mlimani likamuua Mike Edwards, aliyewahi kupiga selo kwenye bendi ya Electric Light Orchestra. Alikuwa ndani ya gari lake, barabarani, hana habari na shamba la mtu.

Jogoo_la_Likoni:
Mwakirunge mlima uko wapi?

Mtu_wa_Changamwe:
Kilo 400 likiwa juu ya mengine mawili, mlima wautakia nini? Weka mawili kwenda juu, yasimame, na mwenye kuyainua atumie trekta yenye mikono ya kukumbatia. Ile yenye mwiba ni ya nyasi kavu, kwa sileji ni kulabu ile ile tu imekua.

Mfugaji_Mwakirunge:
Umeona sasa! Afadhali wewe umenielewa.

KiembeniMoja:
Nyote mwasahau kunguru. Yangu hakuna aliyeyadunga kulabu, kunguru ndio walioyamaliza. Tangu jaa la Kibarani lifungwe na taka zije Mwakirunge, wakishiba kule waja kwangu kupitisha jioni. Nimetandaza wavu, wadonoa kupitia wavu. Vifaranga washanilia wote. Mtu wa robota moja lililochanika na anyamaze kidogo.

BintiMtwapa:
Ndege hao waliletwa Unguja miaka ya 1890 ati wale taka za mji. Walioleta hawako, twalipa sisi. Juzi mmoja kanipokonya mandazi mkononi, mchana kweupe.

Hamali_Mstaafu:
Weka wavu juu ya fremu, usigusane na plastiki. Ukiulaza juu ya robota wamewekewa meza.

KiembeniMoja:
Hilo sikulijua. Fremu ya mbao au bomba?

Jogoo_la_Likoni:
Nyinyi mna kunguru, sisi tuna feri. Leo machicha yangu ya kulishia ng'ombe yamekaa foleni upande wa kisiwani mpaka magunia yakaanza kutoa povu, abiria waniangalia mimi. Gari la mbele limezima, mwenyewe kaenda kununua viazi karai! Viazi! Watu tumefungwa nyuma yake na yeye achagua pilipili!

BintiMtwapa:
Huyo ningemwachia gari lake baharini.

Mfugaji_Mwakirunge:
Jamani, uzi huu ni wa kulabu.

Mtu_wa_Changamwe:
Feri ni kheri, waambie waje waone malori ya Changamwe. Mtamba wangu alizaa mimi nikiwa Mikindani, gari halisogei, jirani anielekeza kwa simu.

KiembeniMoja:
Wewe wa machicha, ni ya kuuza au ya kwako tu? Yamebaki magunia mangapi?

Jogoo_la_Likoni:
Mawili. Lakini uje uyachukue mwenyewe, mimi leo feri sirudi.