Mrejesho: Kuwatafuta wenzangu wa chuo cha kijeshi

Wakuu, niliomba ushauri namna ya kuwapata tena wenzangu tuliohitimu pamoja chuo cha kijeshi, sasa wazee na wametawanyika. Asanteni sana kwa michango.

Aliyesema nianze na picha ya siku ya kuhitimu, ubarikiwe. Niliwatumia wachache niliokuwa na namba zao, kila mmoja akataja waliosimama karibu naye. Mmoja aliyesahau jina aliandika tu "yule wa buti kubwa", akatambuliwa hapohapo! Chama cha wastaafu kilikataa kutoa namba za watu ila kilifikisha ujumbe, na naona ni sawa kabisa.

Grupu la WhatsApp limefanikiwa nusu. Wenye macho mabovu hawasomi, na salamu za kila asubuhi zimewakimbiza wengine. Hao tumegawana kuwapigia simu. Tunaweka pia namba ya mtoto au mke, maana simu ya mzee haikawii kuzimwa. Ndivyo tulivyopata habari za msiba mapema, tukawahi kumzika mwenzetu.

Wapo ambao hawajapatikana. Mmoja alisema hataki kukumbushwa mambo ya jeshi, tukamwacha.